Fukua au Fukia

Mtaa mzima ulimwita Mzee Sauti, na hakuna aliyeona haja ya kumtafutia jina jingine. Kwa miaka mingi alisoma taarifa ya habari redioni, na waliomsikiliza enzi hizo watakuambia kuwa akitamka neno "mafuriko", unajikuta umepandisha miguu juu ya kiti. Alipostaafu alihamia huku pembezoni mwa mji, kwenye mtaa wa nyumba zinazojengwa kidogo kidogo, akaja na kabati la vitabu, mke mwenye ulimi mwepesi, na ugonjwa mmoja usio na dawa: kusahihisha watu. Mwenye duka akisema "nazani sukari imekwisha," Mzee Sauti alisimama pale pale mbele ya kaunta.

"Nadhani," alimwambia. "Toa ulimi kidogo. Na-dha-ni."

Foleni nyuma yake ilisubiri mpaka dh itoke sawasawa, na ikishatoka, kumbe sukari kweli imekwisha.

Ndiyo maana kamati ya mtaro ilipotafuta mwenyekiti ilimpa yeye. Kuhusu maji hakujua lolote zaidi ya kwamba yanalowesha. Lakini akipiga simu manispaa, aliyepokea upande wa pili alijikuta anakaa wima, na mtaa ule ulihitaji sana mtu wa namna hiyo.

Mtaa wenyewe ulianzia juu, dukani, ukateremka taratibu mpaka kwa Mama Pacha, fundi cherehani, ambaye nyumba yake ilikaa chini kuliko zote kama mtu aliyefika mkutanoni viti vimeisha. Nyuma ya ukuta wake ulipita mtaro wa zamani, uliopokea maji ya mtaa mzima na kuyapeleka bondeni. Sasa mtaro huo ulikuwa umejaa mchanga, mifuko ya plastiki, na, usiniulize ulifikaje, mto wa sofa. Manispaa walikuwa wanajenga mtaro mpya kando ya barabara. Mkandarasi alifika nusu akaondoka, akaacha kilima cha kifusi kando ya ule wa zamani, ili siku mpya ukikamilika, wa zamani ufukiwe. Kwa hiyo kamati ilikubaliana hivi: kwanza tufukue wa zamani, maji ya msimu huu yapite, baadaye, mpya ukiwa tayari, ndipo tufukie. Fukua kwanza, fukia baadaye. Hakuna aliyeona ugumu wowote hapo.

Kazi alipewa Chepe. Huyu alikuwa mchimbaji wa mtaa, mtu wa makamo, mrefu, mpole, aliyeitwa kwa jina la kifaa chake cha kuchotea udongo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaona wametengana. Ukimwagiza kazi hakuulizi kwa nini. Anauliza wapi, na mpaka wapi, basi. Na kwa Mzee Sauti alikuwa na heshima ya pekee. Zamani mama yake Chepe alikuwa akinyamazisha nyumba nzima ikifika saa ya habari, mpaka masikio yalipomzimika akiwa bado mama wa makamo. Tangu hapo Chepe ndiye aliyemsomea mama midomo ya redio, kama alivyopenda kusema: anasikiliza yeye, kisha anampazia mama sauti sikioni, neno kwa neno. "Maneno ya Mzee Sauti hayachuji," aliwaambia watu. "Hata ukiyapigia kelele yanabaki yale yale."

Siku ya kazi, jino la Mzee Sauti likaamua kutangaza vita. Lilikuwa gego la chini, na tangu alfajiri lilimfanya azunguke sebuleni ameshika shavu huku mkewe akimwambia kuwa mwenyekiti wa mtaro ameziba mwenyewe. Wakaenda kwa daktari wa meno, binti mdogo mwenye mikono ya chuma, akamchoma sindano ya ganzi, akang'oa, akamjazia pamba, akamwambia aiume na asiongee. Kumwambia Mzee Sauti asiongee! Walikuwa bado kwenye benchi la korido, mkewe akimfuta udenda kwa leso, simu ilipoita.

"Shikamoo mzee. Niko huku mtaroni, nyuma kwa Mama Pacha. Naona na kifusi kipo. Sasa huu wa zamani naufanyaje?"

Mzee Sauti aliliona neno kichwani, safi, limenyooka. Midomo ndiyo iliyokataa. Sauti ya u inataka midomo ikunjwe kama ya mtu anayepuliza chai, na ya kwake ilikuwa imelala upande mmoja kama godoro lililoanikwa. U ya kwanza ilisukumwa na f, ikatoka hivyo hivyo. Ya pili haikuwa na wa kuisukuma.

"Fukia," alisema.

Chepe alinyamaza kidogo.

"Nifukie, mzee?"

Udenda ulikuwa umefika kwenye kola. Mgonjwa wa benchi la pili alikuwa anamkazia macho, na Mzee Sauti alijua macho yale: ni ya mtu anayejiuliza sauti hii niliisikia wapi. Alichotaka wakati ule ni simu ikatike kabla hajatambuliwa na mdomo umepinda.

"Ndiyo! Fanya haraka, mvua hiyo!"

"Nifukie wote?"

"Wote, wote!"

Akakata simu. Mkewe alimtazama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kisha akaukunja ule upande mkavu wa leso na kuendelea kumfuta.

Mvua ilishuka mchana ule ule. Haikuwa mvua ya kutisha, tulishapata kubwa zaidi, lakini ilikuwa ya kukaza, na mtaa ule ulijua pa kuipeleka: chini. Maji yalishuka na mchanga, yakashuka na maganda, yakashuka na kiatu kimoja cha mtu. Yalipofika nyuma kwa Mama Pacha yakatafuta mtaro yalioujua miaka yote. Hayakuuona, yakageuka, yakapita chini ya geti lake na kuingia sebuleni bila hodi.

Mzee Sauti alifika amekunja suruali hadi magotini. Wakati huo ganzi ilishaisha na maumivu yalikuwa yamechukua nafasi yake. Sebule ya Mama Pacha ndiyo ilikuwa karakana yake. Humo alikuwa amemaliza kushona majoho ya mahafali ya chuo kizima, meusi, yenye ukingo wa bluu, yamepangwa sakafuni kwenye mikeka kwa sababu meza zilijaa. Sasa yalikuwa yanaelea. Yalivimba hewa na kuzunguka taratibu katika maji ya kahawia yenye harufu ya choo, na mapacha wake, mabinti wawili wa sekondari, walikuwa wanayavua moja moja na kuyatupa juu ya kabati. Mama Pacha mwenyewe alikuwa amekumbatia kichwa cha cherehani kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Hakulia. Alikuwa anasema tu, "Jamani. Jamani. Jumamosi wanayataka, jamani."

Mzee Sauti alimpokea cherehani, akaiweka juu ya friji, na akazunguka nyuma kuona mtaro umeziba wapi. Hakukuta mtaro. Alikuta ukanda wa ardhi iliyosawazishwa na kushindiliwa vizuri, kutoka kona hadi kona, mtu angeweza kupanga viti vya harusi. Kilima cha kifusi hakikuwepo. Maji yalipita juu ya kazi ile nadhifu yakielekea dirishani kwa Mama Pacha.

Chepe alikuja anakimbia, chepe begani, amelowa chapachapa. Majirani nao walikuwa wameshajaa.

"Mzee, mbona maji yamerudi huku? Mimi nimeufukia wote, kama ulivyoniagiza."

"Nimekuagiza nini?"

"Ufukiwe, mzee."

"Nilisema fukua!" Na hapo, kwa bahati mbaya, mdomo wake ulikuwa mzima. Neno lilitoka kama zamani, mviringo, limekamilika, likasikika mpaka dukani. "Fu-ku-a! Fukua na fukia ni neno moja?"

Naye aliamini alichokisema. Tumpe haki yake hapo: saa ile, ndani ya maji yale, aliamini kabisa kuwa fukua ndilo lililotoka kinywani mwake, kwa sababu maisha yake yote lililokuwa kichwani ndilo lililotoka.

"Nilisikia fukia," Chepe alisema polepole. "Hata nikauliza, nifukie, mzee? Ukasema..."

Hakumaliza. Watu walimwangukia kama mvua ya pili. Mzee Sauti akosee neno? Mzee Sauti huyu huyu? Mwenye duka, aliyeteswa na dh mwaka mzima, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Wewe masikio yako yamejaa nta, halafu unataka kumpaka matope mzee wa watu!" Chepe alitazama huku na huku, akaweka mkono nyuma ya sikio lake la kulia, akautoa, akauangalia. Kisha akaruka ndani ya maji akaanza kuchimba kile alichokifukia asubuhi. Wengine wakamfuata kwa majembe na sufuria. Mtaro ukafunguka kabla giza halijaingia, lakini majoho yalikuwa yameshakunywa.

Asubuhi yake, mezani, mkewe alimmiminia uji kwa sababu alikuwa hawezi kutafuna, akakaa mbele yake.

"Hebu sema fukua."

"Fukua."

"Ahaa. Leo umeisema."

Mzee Sauti alishusha kijiko.

"Jana kwa daktari ulisema fukia," mkewe alisema. "Mimi nilikuwa hapo nakufuta. Akakuuliza kwa adabu zake zote, nifukie? Ukamwambia ndiyo. Akakuuliza wote? Ukamwambia wote, wote. Nilidhani mmebadilisha mipango."

Alitaka kubisha. Alikuwa na hoja tayari, ameshavuta na pumzi. Lakini alipokumbuka benchi lile, akamsikia Chepe upande wa pili wa simu, akasikia ule ukimya mdogo kabla ya swali, na swali lenyewe, na namna alivyolijibu bila kulisikiliza, kwa kuwa aliona aibu ya udenda.

"Kwa nini hukunisahihisha?"

Mkewe alinyanyuka kitini.

"Miaka yote hii, mwenyekiti, ni nani katika nyumba hii anayesahihisha mwenzake?"

Akaondoka na sufuria. Mzee Sauti alibaki na uji, na uji ukapoa, na kitu kikamkaa kifuani ambacho hakikuondoka kwa maji wala kwa kukohoa. Alijua la kufanya. Aende dukani, asimame mahali pale pale anaposahihishia watu, aseme: ni mimi. Sentensi ya maneno mawili. Alikuwa amesoma redioni sentensi ndefu kuliko hiyo bila kuvuta pumzi.

Hakwenda siku hiyo. Alijiambia jino linamuuma. Siku iliyofuata alikwenda kwa Mama Pacha badala yake, yeye na mkewe, wakakaa uani kwenye beseni wakifua majoho na kuyakamua, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile. Bluu ya ukingo ilikuwa imechuja kwenye nyeusi. Chuo kilikuwa kimeshapata fundi mwingine wa kushona haraka haraka, na majoho haya hayakuwa na mwenyewe tena. Mama Pacha aliyafua hivyo hivyo, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Mzee wangu, Mungu akuweke," alimwambia. "Ungekuta wengine wametuma salamu tu. Wewe na magoti yako hayo umeingia majini, umeniokolea cherehani, na leo unanifulia. Lakini yule Chepe, yule simsamehe. Mtu husikii vizuri, si useme? Si uulize?"

Mzee Sauti alikuwa ameshika ncha ya joho. Alisokota, maji meusi yakamtiririka hadi viwikoni. Mkewe, upande wa pili wa beseni, alimtazama akingoja. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni: "Pole sana, mama." Jioni hakuweza kula, na safari hii jino halikuhusika.

Mtaani mambo yaliendelea bila huruma. Watoto walimpigia Chepe kelele akipita, "Fukia! Fukia!" na akigeuka wanajificha. Aliyekuwa amemwahidi kazi ya kuchimba shimo la choo alimpa mtu mwingine. Lakini lililomuuma Mzee Sauti zaidi ni jingine. Chepe alikuwa ameanza kuuliza. Mtu aliyekuwa haulizi zaidi ya wapi na mpaka wapi, sasa akisalimiwa anainamisha kichwa, anasema, "Umesemaje?" Akinunua chumvi anairudia mara mbili, chumvi, umesema ipo, chumvi? Na siku moja walikutana uso kwa uso kwenye njia ya dukani, pembamba, hakuna pa kukwepea. Chepe alikuwa ameziba masikio yote mawili kwa pamba.

"Shikamoo mzee," alisema kwa sauti ya juu mno. Kisha akachomoa pamba ya sikio moja kwa heshima, ili asikie jibu. "Nisamehe kwa yale. Nimeanza dawa ya matone. Mama naye ilimwanza hivi hivi, mzee, neno linageuka kidogo kabla halijafika. Yeye alichelewa. Mimi nimewahi."

Hapo ndipo mtu angesema. Njia ilikuwa tupu, walikuwa wawili, na sentensi ilikuwa ya maneno mawili. Mzee Sauti alimtazama yule mtu mzima aliyeshika kipande cha pamba kati ya vidole viwili, akasema:

"Utapona."

Kwa matamshi safi kabisa. Akapita. Alifika nyumbani akaketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akajichukia kwa namna ambayo hakuwahi kujichukia, kwa kuwa neno lile hakulisema akiwa na ganzi.

Kamati ilikutana Jumapili, uani kwa Mama Pacha, ili kila mtu aone mstari wa matope ukutani ulivyofika. Ulifika usawa wa kiuno. Watu walikalia viti vya plastiki na ndoo zilizopinduliwa. Chepe aliitwa, akasimama karibu na geti, pamba masikioni. Walizungumza mtaro mpya, wakamsema mkandarasi, wakamsema tena, na mwishowe mwenye duka akasimama na hoja. Alitaka ijulikane rasmi kuwa Chepe asipewe tena kazi yoyote katika mtaa huu, si ya mtaro, si ya choo, si ya kupanda ua. Leo ni majoho, kesho atamfukia mtu.

Walicheka. Mama Pacha hakucheka, aliitikia kwa kichwa.

"Basi mwenyekiti atutangazie," mwenye duka alisema. "Kwa ile sauti yako mzee, ili iingie."

Mzee Sauti alisimama. Alizoea kusoma mbele ya watu wengi asiowaona. Hawa alikuwa anawaona, na aliyekuwa getini alikuwa amechomoa pamba zote mbili ili asikose neno.

"Chepe hakukosea," alisema. "Nilimwambia fukia. Nilikuwa nimetoka kung'olewa jino, mdomo umekufa ganzi, neno likatoka vibaya. Akaniuliza mara mbili. Nikamwitikia mara mbili. Ni mimi."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Wakapiga wote. Mzee Sauti alidhani anaota.

"Mnamwona mzee?" mwenye duka alisema, macho yamemlowa. "Huyu ndiye mzee! Anamfichia mtu aibu yake. Anakubali achafuke yeye."

"Sifichi! Nawaambia ni mimi!"

"Tumekuelewa mzee, tumekuelewa. Keti upumzike."

Hata Chepe alikuja mbele, mkono kifuani. "Mzee, usijitie kwenye matope yangu," alisema. "Mimi nimeshazoea. Lakini ahsante."

Na Mama Pacha, ambaye kwa siku zote hizo hakutoa chozi, sasa ndipo lilipomtoka. "Una moyo, mzee wangu," alisema.

Mtu asiye na hatia angeona raha. Yeye alisimama pale akiona jinsi mlango unavyofungwa mbele yake taratibu, kwa heshima zote, na jinsi ambavyo angeweza kuketi tu. Wala asingekuwa amedanganya. Ameshasema, hawakuamini, basi. Hilo wazo lilimjia kabisa, na lilikuwa zuri, na aliliangalia kwa sekunde kadhaa kabla ya kuona aibu.

Alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa ameketi kwenye ndoo, mkoba mapajani. Hakusimama kumtetea wala kutoa ushahidi. Alifungua mkoba, akatoa kifurushi cha pamba alichopewa na daktari siku ile kwa ajili ya kubadilishia, akamnyooshea. Kumbe alikuwa anatembea nacho wakati wote.

Mzee Sauti alikipokea. Akachana pamba, akajazia nyuma ya mdomo wa chini, akaongeza, akajazia shavuni mpaka uso ukapinda. Akaukandamiza mdomo kwa kidole, ulale kama ulivyolala siku ile. Kisha akawatazama watu wa mtaa wake na kusema, kwa nguvu zake zote:

"Fukia."

Mtu mmoja alicheka. Mzee Sauti akavuta pumzi, akajitahidi kuikunja ile u ya pili, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Fukia. Fukia. Fukia."

Udenda ulimdondoka kwenye shati jeupe la mkutano, na hakuufuta. Aliyecheka alikuwa ameshanyamaza. Mwenye duka alitazama chini, akaanza kuchokonoa ndoo yake. Hakuna aliyepiga makofi.

Chepe ndiye aliyesema wa kwanza. Alikuwa amesogea karibu, pamba zake mbili bado ziko kiganjani.

"Kwa hiyo, mzee," aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida, ile ya zamani, "masikio yangu ni mazima?"

Mzee Sauti alitikisa kichwa kukubali. Mdomo ulikuwa umejaa.

"Mazima kabisa?"

Akakubali tena. Chepe alifunga macho, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo, akaketi chini pale pale kwenye udongo, miguu imenyooka. Kisha akaanza kucheka peke yake, na machozi yanamtoka, na hakuna aliyejua amguse au amwache.

Mama Pacha alikuwa amesimama.

"Siku ile tunakamua majoho," alimwambia Mzee Sauti. "Nilipokuwa namtukana huyu. Ulikuwa unajua?"

Alitoa pamba mdomoni. Angeweza kulijibu swali hilo kwa maelezo marefu.

"Nilikuwa najua."

Mama Pacha alibeba kiti chake, akaingia ndani. Mkutano ulivunjika bila mtu kuuvunja.

Vitambaa Mzee Sauti alivilipa, na cherehani ilikuwa imeshapata fundi, hayo hayana hadithi. Hadithi ni ile asubuhi iliyofuata, alipokwenda kugonga mlango wa Mama Pacha. Ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, anageuza moja ya majoho yale yaliyochuja kuwa sketi. Nje, nyuma ya ukuta, chepe lilikuwa linakwaruza mchanga wa mtaro. Safari hii watu watatu walikuwa wamemwita Chepe kazini kwa mpigo, na wote wakapanga foleni.

"Samahani," Mzee Sauti alisema pale mlangoni.

Mama Pacha hakuinua kichwa. "Sikusikia."

"Samahani, Mama Pacha." Aliitamka vizuri, kila silabi mahali pake.

"Hiyo ni ya redioni," alisema. "Mimi huku sikusikia."

Mzee Sauti alishika fremu ya mlango. Mstari wa matope ulikuwa usawa wa mkono wake. Alitaka kusema tena, na neno likatoka limevunjika katikati, m imemezwa, hata yeye mwenyewe angelikataa kwa mtu mwingine.

Mama Pacha aliacha kushona.

"Sasa nimesikia," alisema.

Akarudisha mguu kwenye kanyagio, akaendelea na sketi yake. Mzee Sauti alisubiri mlangoni kuona kama kuna neno jingine. Cherehani iliendelea kulia.